Kuolewa Huku Unangoja Afe



Kwa somo la leo uwe na Biblia karibu: 1 Samweli 18, 2 Samweli 11 na 12, na Mwanzo 24. Kama unasoma ukiwa kwenye basi au kwenye foleni ya kupima pamba, soma tu, Biblia utaifungua jioni. Ila uifungue kweli, maana mimi nitasimulia kwa kifupi mno.

Somo lenyewe limetokana na swali la dada mmoja. Nilikuwa kwenye mwaka wa uchungaji, na Jumapili moja nikatumwa Ziba, huku wilayani Igunga, kutoa semina kwa vijana wa VIWAWA. Mada ilikuwa uchumba na ndoa. Nilikuwa nimetoka kumaliza shahada ya falsafa, kwa hiyo mnajua tena, nilijipanga. Nikaanza na Aristotle, nikaja kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, na nadhani robo saa ya kwanza haijaisha nusu ya ukumbi walikuwa wanachezea simu. Waliamka nilipotaja mahari. Hapo kila mtu alikuwa na la kusema.

Tulipomaliza, dada huyo alibaki akisaidia kupanga viti vya plastiki. Ni fundi cherehani, miaka ishirini na kidogo. Akaniuliza bila kuniangalia usoni:

“Frateri, mtu akiolewa na mzee, na moyoni mwake anangoja tu yule mzee afe, ile ni dhambi au ni mawazo tu?”

Nikacheka. Nilidhani ananitania. Yeye hakucheka.

Akanieleza taratibu. Kuna mzee mgane, ana ng'ombe na mashine ya kukoboa mpunga. Posa imeshaletwa, mjomba ameipokea, na ng'ombe watatu wa kwanza wako zizini kwao tayari. Mama yake ni mjane, ana wadogo zake wawili sekondari. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtishia. Wamemwambia tu, kila jioni, kwamba nyumba nzima inamtegemea yeye. Halafu kuna kijana wa bodaboda, ndiye aliyempenda siku nyingi. Na huyo kijana, badala ya kugombana, alimwambia akubali. “Yule ana presha na kisukari. Miaka miwili mitatu, tunarudi kwenye mambo yetu, na mashine ni yako.” Baadaye, siku nyingine, akaongeza jambo la pili: “Dawa zake nani atakuwa anampa? Si wewe?”

Mimi nikajibu haraka haraka kama katekista mwenye haraka ya kwenda kula. Nikamwambia mchepuko ni dhambi, uaminifu ndani ya ndoa ni amri ya Mungu, na kadhalika.

“Amri ya sita naijua, Frateri. Nilifundishwa wakati wa Komunyo ya kwanza. Mimi nimekuuliza ya tano.”

Nilikosa jibu. Nikamwomba anipe wiki moja. Haya ninayoandika ni yale niliyoyakusanya wiki ile, pamoja na mengine niliyoyapata baadaye. Mimi si padre na sikuwa nasikiliza kitubio. Tuliongea kama watu wawili wanavyoongea, naye ameniruhusu niandike. Nimebadilisha vitu vichache asitambulike, yeye na wenzake.

Je, kuoana kwa maslahi ni dhambi yenyewe?

Tuanze hapa, kwa sababu vijana wengi tunafikiri ndoa ya kweli ni ile ya “nilimwona nikazimia” tu, na kwamba kila ndoa iliyopangwa na wazee au iliyofikiria shamba na ng'ombe ni chafu. Si kweli, na historia ya mkoa wetu inatufundisha kuwa waangalifu. Karne ya 19, njia ya misafara kutoka pwani ilipofika Unyanyembe, watemi na wafanyabiashara walioana kwa hesabu. Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, anaeleza kuwa baba yake, Muhammad bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Mfanyabiashara alipata ulinzi na heshima, mtemi alipata mkono wake kwenye biashara ya pwani. Sina haki ya kusema Karunde na mumewe hawakupendana. Ninachosema ni kwamba ndoa ile ilibeba maslahi waziwazi, na hakuna aliyeona aibu.

Biblia nayo haioni aibu. Fungua Mwanzo 24. Isaka anatafutiwa mke na mtumishi wa baba yake, mtumishi anakuja na ngamia kumi na vitu vya dhahabu, na kaka yake msichana, Labani, anaziona bangili kwanza kabla hajamkaribisha mgeni (aya ya 30, soma vizuri, utacheka). Ni posa kabisa kama za kwetu. Lakini shuka mpaka aya ya 57 na 58. Familia inasema tumwite msichana tumuulize mwenyewe. Wakamuuliza. Akasema atakwenda.

Hapo ndipo Kanisa limesimama. Kanuni ya 1057 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa inafundisha kuwa kinachofanya ndoa ni ridhaa ya hao wawili, na hakuna uwezo wowote wa kibinadamu unaoweza kujaza nafasi ya ridhaa hiyo. Mjomba hawezi. Ng'ombe hawawezi. Hata paroko hawezi. Na serikali inasema vivyo hivyo: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai ridhaa ya hiari ya kila mmoja. Kwa hiyo wazazi wakipendekeza, wakishauri, wakikutajia kuwa fulani ana bidii na ana nyumba ya bati, hawajatenda dhambi. Kufikiria mtakula nini ni busara.

Shida inaanza pale maslahi yanapokuwa ndiyo ndoa yenyewe, na mtu anakuwa mlango tu wa kupitia. Aristotle, yule yule aliyewafanya wana-VIWAWA wachezee simu, anasema kuwa urafiki wa faida huisha faida inapoisha. Karol Wojtyla, ambaye baadaye alikuwa Papa Yohane Paulo II, aliandika kitabu mwaka 1960, Upendo na Uwajibikaji, akaeleza kwamba kinyume cha upendo siyo chuki peke yake. Kinyume chake ni kumtumia mtu. Nilisoma hayo kwa ajili ya mtihani nikayajibu vizuri. Sikuwahi kujiuliza hatua inayofuata, mpaka niliposimama pale kati ya viti vya plastiki: ikiwa mtu ni mlango wa kupitia, basi siku atakayokuwa kizuizi nitamfanyaje?

Sauli alikuwa na jibu. Katika 1 Samweli 18, binti yake Mikali anampenda Daudi. Biblia inasema hivyo wazi, msichana alipenda. Baba anafurahi, lakini furaha yake ni ya ajabu: anaona harusi kama mtego. Mahari anayoitaka si ng'ombe bali ni uthibitisho kuwa Daudi ameua Wafilisti 100, na hesabu yake ni kwamba Daudi atafia huko huko. Hakuna haja ya mfalme kumgusa kwa mkono wake. Daudi akarudi na 200. Lakini angalia kilichompata Mikali baadaye: baba anamchukua anampa mwanamume mwingine, kisha Daudi anamdai tena kwa sababu za kisiasa, na yule mume wa pili anamfuata barabarani akilia mpaka anafukuzwa (2 Samweli 3). Binti aliyeanza kwa kupenda anaishia 2 Samweli 6 akimdharau mumewe kutoka dirishani. Simlaumu sana.

Nairobi, 1941

Sasa twende kwenye historia iliyo karibu zaidi nasi. Kisa hiki kinajulikana sana Kenya, kimeandikiwa vitabu na kutengenezewa filamu. Nakileta hapa si kwa ajili ya umbea, bali kwa sababu ya makubaliano yaliyofanyika kabla ya ndoa.

Novemba 1940 bwana mmoja wa Kiingereza, Sir Jock Delves Broughton, mwenye miaka 57, alifunga ndoa mjini Durban na Diana Caldwell, mwenye miaka 27. Yeye alikuwa ametoka kuachana na mke wake wa kwanza. Walikubaliana jambo ambalo baadaye lilisomwa mahakamani: kama Diana atampenda kijana mwingine, mume hatamzuia, atampa talaka, na atamlipa pauni 5,000 kila mwaka. Kwa wakati ule zilikuwa hela za kutisha. Mwezi huo huo wakaja kuishi Kenya.

Wiki chache tu. Diana akakutana na Josslyn Hay, Earl wa Erroll, miaka 39, mtu wa cheo katika serikali ya kikoloni na anayejulikana kwa kuwachukua wake za watu. Hawakujificha. Usiku wa tarehe 23 Januari 1941 walikula chakula wote pamoja kwenye klabu ya Muthaiga, na mume mwenyewe akainua glasi kuwatakia heri wapenzi wawili. Mkataba unafanya kazi, si ndiyo? Erroll akampeleka Diana kucheza dansi, akamrudisha nyumbani Karen kama saa nane na nusu usiku, akaondoka. Kama saa tisa, Waafrika wawili waliokuwa na lori la maziwa waliikuta gari yake kando ya barabara, karibu na njia panda ya Ngong, taa zinawaka. Ndani yake alikuwa amekufa, amepigwa risasi kichwani.

Broughton alikamatwa Machi. Kesi ilianza Mei, na tarehe 1 Julai 1941 baraza la mahakama lilimwona hana hatia. Wakili wake, Harry Morris kutoka Johannesburg, aliwaonyesha kuwa risasi hazilingani na bastola iliyodaiwa kutumika. Basi, sheria imesema hana hatia, na mimi siwezi kusema zaidi ya sheria. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kutiwa hatiani kwa kifo kile mpaka leo. Desemba 1942 Broughton alijiua kwa kuzidisha dawa katika hoteli moja mjini Liverpool. Diana aliolewa tena mara mbili, akafa mwaka 1987.

Vijana wengi wakisimuliwa kisa hiki wanauliza, “Sasa nani aliua?” Hata mimi nilitaka kujua, nikapoteza jioni nzima. Lakini swali la somo letu ni jingine. Watu wale walikuwa wakweli kuliko wengi wetu: walijua ndoa yao ni ya maslahi, wakaiandalia mlango wa kutokea, na bei ya mlango wakaitaja. Kwa hesabu zao hakuna ambaye angeumia. Na ndani ya miezi mitano tangu harusi, mtu mmoja amekufa, mwingine yuko gerezani anangoja kesi ya kunyongwa. Awe nani aliyefyatua risasi ile, mkataba haukumlinda hata mmoja wao. Huwezi kumwahidi mwenzako mapema kwamba hutaumia. Moyo hausaini.

Kwa lugha ya Kanisa, makubaliano ya namna ile yana jina. Kanuni ya 1101 inasema mtu akitamka maneno ya ndoa huku kwa tendo la makusudi la nia yake anaikataa ndoa yenyewe, au kitu cha lazima ndani yake kama udumifu au uaminifu, ndoa anayofunga ni batili. Tunaita kuigiza ridhaa. Umevaa shela, kwaya imeimba, picha mia tano zimepigwa, na mbele za Mungu hakuna kilichotokea.

Hapa nilimkumbuka dada yetu na nikajikuta kwenye kona ya kifalsafa. Maana yeye, ukimsikiliza vizuri, hakukataa udumifu. Alikuwa tayari kukaa na mzee mpaka kifo kiwatenganishe. Ndicho hasa alichokuwa anakisubiri! Kiapo kile kile anachokitoa bibi harusi kwa machozi ya furaha, yeye angekitoa kama mtu anayehesabu siku za kuvuna. Nilizunguka na jambo hilo siku mbili. Mwalimu wangu mmoja wa sheria za Kanisa, nilipompigia simu, alinijibu kwa sentensi mbili: uaminifu ameukataa kwa sababu yule wa bodaboda yuko palepale kwenye mpango, na mema ya mwenzake ameyakataa, ambayo kanuni ya 1055 inayaweka kuwa lengo la ndoa. “Huwezi kutaka mema ya mtu na kifo chake kwa wakati mmoja,” akasema, kisha akaniuliza kama nimekula.

Barua ya Uria

Daudi na Bathsheba tunaijua wote, kwa hiyo nitapita haraka mpaka kwa Uria. Uria Mhiti ni askari. Mfalme amelala na mke wake, mke ana mimba. Kwanza Daudi anajaribu ujanja mwepesi: anamwita Uria kutoka vitani aende nyumbani akalale na mkewe, mimba ipate baba. Uria anakataa kulala kwa raha wakati wenzake wako kambini. Analeweshwa, bado haendi. Ndipo Daudi anamwandikia jemadari Yoabu amweke Uria mstari wa mbele, kisha wengine warudi nyuma.

Na barua hiyo anayeibeba ni Uria mwenyewe.

Nimesoma sura hii mara nyingi. Jumapili iliyofuata pale Ziba niliielewa kwa namna nyingine. Baada ya Misa mzee mmoja alinifuata, ameshika kofia yake mkononi, akanisalimia, akaniuliza kama nimepata chai. Mzee mpole, anatembea polepole. Tukaongea mambo ya mvua. Kisha akanieleza kwa furaha kwamba anaoa, na kwamba daktari kule Nkinga amemgombeza sana kwa kusahau vidonge, “sasa nitapata wa kunikumbusha.” Nikajua ni nani ninayeongea naye. Nikashindwa hata kumtazama.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2268 na 2269, inafundisha kuwa amri ya tano inakataza kuua kwa makusudi, na pia kufanya jambo lolote kwa nia ya kumsababishia mtu kifo kwa njia ya mzunguko. Namba hiyo ya kwanza inataja kumuua mwenzi wa ndoa kama uovu mzito wa pekee kwa sababu ya kifungo kinachovunjwa. Kidonge kisichotolewa kwa makusudi hakina sauti kama risasi ya barabara ya Ngong, lakini kimo ndani ya amri ile ile. Na Daudi hakushika upanga. Nabii Nathani hakumkubalia utetezi huo; alimwambia wewe ndiwe uliyemuua. Mwinjili Mathayo naye, anapoandika ukoo wa Yesu, hamtaji Bathsheba kwa jina. Anamwita mke wa Uria. Miaka karibu elfu moja baadaye, jina la marehemu bado liko kwenye ukurasa wa kwanza wa Agano Jipya.

Sasa kanuni ambayo ninaamini wengi wenu hamjawahi kuisikia, na hata mimi niliikuta wiki ile. Kanuni ya 1090. Mtu akimsababishia kifo mume au mke wa mtu fulani, au mume au mke wake mwenyewe, ili apate kufunga ndoa na huyo fulani, ndoa hiyo anayoitaka haifungiki. Ni batili. Na wawili wakishirikiana kumuua mwenzi wa mmojawapo, iwe kwa kutenda au kwa kushawishi na kupanga, nao pia hawawezi kufunga ndoa halali wao kwa wao. Kizuizi hiki kinaitwa kizuizi cha jinai, na kanuni ya 1078 inasema ruhusa ya kukiondoa imehifadhiwa kwa Kiti Kitakatifu chenyewe. Si paroko, si askofu. Sheria ya zamani ya mwaka 1917 ilikuwa kali zaidi: hata wazinzi wawili walioahidiana ndoa wakati mwenzi wa mmoja yuko hai waliingia kwenye kizuizi. Sheria ya 1983 ikaacha kifo tu.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni kanuni ya makumbusho, ya kina Herode na Herodia. Halafu nikaona hekima yake. Kanisa limewajua watu wake muda mrefu. Limejua kwamba wapo wanaomngoja mgonjwa huku wamechagua tayari kitambaa cha harusi inayofuata, na likaamua kuubomoa mpango kwenye msingi wake: hicho unachomuulia mtu hutakipata. Mashine ya kukoboa labda. Mke au mume, hapana.

Kwa hiyo jibu la swali, ni dhambi au ni mawazo tu? Wazo linaloingia bila kualikwa si dhambi. Hata mke mwema aliyechoka kumuuguza mumewe miaka mitano anaweza kuamka saa tisa usiku akawaza “angepumzika tu,” na hilo ni uchovu, wala asijitese nalo. Dhambi huanza unapolikaribisha, ukalipa kiti, ukalijengea. Na wazo ambalo ndiyo sababu ya wewe kusema “ndiyo” mbele ya altare halistahili tena kuitwa wazo, maana umeshalifanya mpango. Likishafika kwenye vidonge, na mtu wa pili anajua, hata sheria ya nchi ina jina lake: njama. Hiyo haingoji mtu afe.

Kama umeshaanza safari

Najua wapo wanaosoma hapa ambao posa imeshapita. Hebu nisikilizeni. Kabla ya ndoa, paroko ana wajibu wa kuhakikisha uko huru, na maswali yale huulizwa kila mmoja peke yake, bila mjomba. Matangazo hutolewa ili vizuizi vijulikane. Hata tangazo la tatu likishasomwa, unaweza kusema sitaki. Aibu ya siku ile ni kubwa, sikatai, hasa kijijini ambako mpunga wa pilau umeshanunuliwa.

Na wapo walioko ndani tayari, na wanaogopa. Labda wewe ndiye mzee, au wewe ndiye binti na mzee ndiye mwenye panga chini ya godoro. Msikubali mtu awaambie kuwa Kanisa linadai ukae uuawe kwa sababu ndoa haivunjiki. Kanuni ya 1153 inasema mwenzi anayemhatarisha vibaya mwenzake au watoto, kimwili au kiroho, anampa sababu halali ya kuondoka, kwa uamuzi wa askofu mahalia. Na kama kungoja ni hatari, aondoke kwa uamuzi wake mwenyewe. Kifungo kinabaki, lakini nyumba moja si lazima. Ondoka kwanza, halafu nenda parokiani na polisi kwenye dawati la jinsia. Hili la kuondoka kwanza nalirudia kwa sababu nimesikia watu wakishauriwa “vumilia, omba rozari.” Rozari inasalika vizuri sana ukiwa kwa shangazi.

Nilirudi na majibu yangu siku niliyoahidi. Karatasi nne, namba za kanuni pembeni. Dada akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, kama mzee anastahili kuambiwa. Nikamwambia hilo tulipeleke kwa paroko, akakubali, tukaenda wote. Waliongea faragha karibu saa nzima. Mimi nilikaa nje nikihesabu kuku.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Mjomba alitukana. Mama yake hakumsemesha mpaka msimu wa pamba ulipofunguliwa. Yule wa bodaboda alikasirika kuliko mjomba, na dada akaachana naye pia. Nilipomuuliza kwa nini na yeye, maana sasa alikuwa huru, aliniambia alikuwa amelala usiku mmoja akiwaza kwamba siku moja yeye mwenyewe ataumwa, na huyo ndiye atakayekuwa anampa dawa. Ada ya mdogo wake mmoja bado ni tatizo. Jumuiya wamechanga muhula mmoja.

Ng'ombe walirudishwa. Mmoja alikuwa amezaa akiwa zizini kwa kina dada, na wazee walikaa asubuhi nzima kubishana ndama ni wa nani. Mzee aliposikia alituma mtu aseme ndama abaki. Siku hizi bado anakaa benchi la mbele, upande wa kushoto, kofia magotini. Vidonge anakumbushwa na mjukuu wake wa darasa la tano, ambaye nimeambiwa ni mkali kuliko daktari.